Mbu wa Kirumba wametoa bendi, wadudu wa ziwani kimya. Niandike "hawana"?

Mwanafunzi_Mza: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa Mwanza. Mradi wangu ni kupima bakteria wa Wolbachia kwenye wadudu. Nilikamata mbu 4 wa Culex kwenye mtaro Kirumba, pamoja na wadudu wa ziwani 12, wale wanaoinuka majini kama moshi halafu usiku wanajaa kwenye taa mpaka unaongea umefumba mdomo.

Nimetoa DNA na kuendesha PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane kwenye jeli). Praima (vipande vifupi vya DNA vya kutafutia) za 16S, jeni ya Wolbachia, zikimpata, bendi, yaani mstari kwenye jeli, inakaa kwenye urefu wa 438. Mbu 3 wametoa, safi kabisa. Wa ziwani hata mmoja. Msimamizi anasema niandike hawana, nifunge kazi. Ripoti ni Ijumaa. Naombeni ushauri.

Mzee wa Karabai: Sisi wa dagaa hao tunawafagia asubuhi kwenye mtumbwi, ungesema ungepewa ndoo nzima. Huyo bakteria anaambukiza watu?

Mwanafunzi_Mza: Hapana mzee wangu. Anaishi ndani ya seli za mdudu, mama anamrithisha mtoto kupitia yai. Aligunduliwa mwaka 1924 kwa mbu wa Culex, ndiyo maana nikawachukua mbu kama kipimo cha kulinganishia.

FundiJeli: Dogo, CO1 hukuendesha? Au umeendesha ukairuka kwenye maelezo?

Mwanafunzi_Mza: Niliendesha mkuu. Mbu wote 4 bendi ipo, kwenye 700 hivi. Wa ziwani wametoa 2, tena hafifu.

FundiJeli: Sasa hapo ndipo penye habari yote, na wewe umepaficha. CO1 ni jeni ya mdudu mwenyewe. Kama PCR imeshindwa kumwona mdudu uliyemsaga kwa mkono wako, bakteria aliye tumboni mwake itamwonaje? Hao 10 huwezi kusema hawana. Hawajapimika. Uliwapata wapi, wazima au wafu?

Mwanafunzi_Mza: Niliwaokota barazani asubuhi chini ya taa. Walishaanza kukauka. Ethanoli ya maabara ilikuwa imeisha, nikawatia kwenye spiriti ya dukani, ile ya rangi.

Mama Luchelele: Jamani 😂 Hao ulipaswa kuwafagia, siyo kuwapima.

Mdogo wangu, tundika shuka jeupe mbele ya taa usiku, wakitua wachukue wazima uwatumbukize moja kwa moja kwenye ethanoli ya 95%. Kila mdudu na kichupa chake. Ukiweza chagua majike, usage tumbo tu, maana Wolbachia hupenda kukaa kwenye ovari. Kichwa kiache, rangi ya macho inazuia PCR.

Ila hiyo DNA uliyonayo usiimwage kwanza. Zimua mara kumi kwa maji safi, uendeshe tena PCR zote mbili, ya 16S na ya CO1. Wakati mwingine DNA ipo, ila uchafu uliotoka nao kwenye mdudu ndio unaokaba kimeng'enya kinachonakili DNA.

FundiJeli: Na kichupa cha maji matupu kiwepo kila mzunguko, kikitoa bendi ujue kuna uchafuzi.

Mwanafunzi_Mza: Asanteni sana. Naingia maabara kesho.

Mwanafunzi_Mza: Wakuu nimerudi! Baada ya kuzimua, CO1 imetokea kwa wadudu 7. Na mmoja, namba 5, ametoa bendi ya 16S palepale kwenye 438! Maji yamekaa kimya. Niandike nimempata?

FundiJeli: Hongera kwa hizo 7. Huyo namba 5, kwenye jeli shimo lake liko jirani na nani?

Mwanafunzi_Mza: Ubavuni mwa mbu.

FundiJeli: Bendi yake ni nene kama ya mbu, au imefifia?

Mwanafunzi_Mza: Imefifia.

Mama Luchelele: Huenda ni DNA ya mbu imemwagikia kwenye shimo lake. Rudia PCR yake, ncha mpya za pipeti, na kwenye jeli mbu umpeleke mwisho kabisa wa safu. Msimamizi mwambie Ijumaa haitoshi.