Mikopo ya asilimia 10: ipitie benki au ibaki kata?

Kibanda cha Pili
Wakuu heshima kwenu. Hii mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuanika vikundi hewa, ikarudi 2024 na halmashauri 10 zikaambiwa zijaribu kupitishia benki. Nauliza, kwa nini zote zisipitie benki? Kata kuna kujuana mno. Sisi tuko watano tumezungushwa miezi saba, leo lete katiba, kesho muhtasari, keshokutwa bwana maendeleo yuko semina. Na tuwe wakweli, ule mchanganuo wa biashara nao ni muziki mwingine, mama ntilie wa darasa la saba ataandikaje mchanganuo?

Binti Ukoko
Mama ntilie wa darasa la saba unamkusudia nani? Mama yangu kaishia la tano, kauza wali maharage stendi miaka 19, anajua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi na nani anadaiwa tangu Jumatatu bila kuandika popote. Wewe msomi una kibanda cha pili, cha kwanza kilienda wapi?

Mkulungwa
Hahahaaa cha kwanza kilienda wapi. Nimecheka peke yangu kwenye daladala hadi konda kaniuliza kama niko sawa

Kibanda cha Pili
Dada sijatukana mtu, naongelea makaratasi.

Mstaafu wa Jamii
Hiyo ya semina imenigusa maana nimeifanya hiyo kazi. Afisa ni mmoja kata nzima, hana pikipiki, vikundi anavifuata kwa nauli yake mfukoni, halafu anasemwa yuko semina! Nyie wenyewe hela ikiingia mnagawana palepale nje ya benki, kila mtu na chake, kikundi kimekufa. Nikienda kukagua karatasi inasema cherehani nne, naonyeshwa moja, na hiyo moja ni ya jirani.

Dagaa wa Jana
Ndio mzee tuligawana, sikatai. Mimi nauza dagaa, mwenzangu mitumba, mwingine anasuka, watano hatufanani hata kidogo ila ili tupate ilibidi tuseme tunafuga kuku. Kuku wakafa, kila mtu akasema zamu haikuwa yake. Sasa mkopo wangu niliulipa lakini kikundi kinadaiwa kwa sababu mwenzetu mmoja kahamia mkoani na simu haipatikani, kwa hiyo na mimi ni mdaiwa sugu. Mnikopeshe mimi na dagaa zangu, tatizo liko wapi?

Mstaafu wa Jamii
Tatizo hujaweka dhamana mwanangu. Dhamana yenu ndio huko kujuana mnakokutukana.

Jirani wa Namanga
Nyinyi wa Bongo mnapenda makaratasi sana. Huku Kenya Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo, ilianza Novemba 2022, unapiga *254# pesa inaingia kwa simu, hakuna katiba hakuna semina.

Mkulungwa
Inaanzia mia tano ya kwenu si ndio? Mia tano unafungua biashara gani, ya kuuza njugu mbili?

Jirani wa Namanga
Inaanza 500 inapanda hadi 50,000 ukilipa vizuri, riba asilimia 8 kwa mwaka. Na njugu usizidharau, nimesomeshwa na njugu.

Binti Ukoko
Umeona, huyu naye kasomeshwa na njugu. Mwenye mada bado hajaomba radhi

Mkulungwa
Ila waliochukua wakahepa si wengi huko kwenu

Jirani wa Namanga
Hiyo nakubali.

Dagaa wa Jana
Na sisi huku simu zinakopesha vilevile, inaitwa kausha damu. Dakika tano hela imeingia, ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe. Mimi ya halmashauri ikisuasua nakimbilia huko, naijua kabisa ni moto, lakini dagaa hawasubiri kikao cha kata jamani, wanaoza.

Kibanda cha Pili
Jamani turudi kwenye mada. Benki au kata?

Mkulungwa
Mada ni cha kwanza kilienda wapi

Binti Ukoko
Benki gani, ambayo mlinzi anaanza kukukagua ndala kabla hujasema shikamoo? Mama hawezi kwenda huko na kanga ina masizi. Kata angalau wanamjua, wanakula kwake. Wengine hawajalipa.

Mstaafu wa Jamii
Nami nakula kwa mama ntilie, na nalipa.

Kibanda cha Pili
Haya niwajibu. Cha kwanza kilivunjwa 2021, ile ya kuwapanga machinga. Kitambulisho cha machinga cha elfu 20 nilikuwa nacho shingoni, nimesimama nacho naangalia mabati yanapakiwa kwenye lori. Ndio maana nahangaika na huo mkopo.

Mkulungwa
Dah

Binti Ukoko
Pole kaka. Hiyo sikuijua, ningejua nisingeuliza vile.

Kibanda cha Pili
Nimepoa. Na ile ya darasa la saba nimeifuta moyoni, naomba radhi kwa mama. Anauza stendi gani nije nimsalimie mwenyewe?

Binti Ukoko
Nitakuelekeza. Ila njoo na hela mkononi, hakopeshi.