Yule fundi mnayemjua ameing'oa swichi ya paa na kuniwekea kiganjani

Turubai Mbili (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ingali inatetemeka kwa hasira. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakuna mwenye karavani ya kukunja (trela la kulala ambalo paa lake hupandishwa na kushushwa) humu ndani asiyemfahamu. Ni yule yule. Leo ameing'oa swichi ya usalama ya paa, akaziunganisha nyaya zake mbili kwa tepu, kisha akaniwekea ile swichi kiganjani mbele ya watu na kutamka kwamba kitu hicho kiliwekwa kwa ajili ya waoga. Kwa ajili ya waoga!

Nilimwita kwa tatizo moja tu: taa, pampu ya maji na hita vilikuwa vikizimika na kuwaka kila upepo ulipolitikisa paa. Mtu yeyote anayezijua karavani hizi angeanza kwa kuikagua ile swichi ndogo iliyo ukingoni, kwa sababu miguso yake huingia kutu na kijiti chake hupinda baada ya paa kupandishwa na kushushwa kwa miaka. Angeisafisha, angeirekebisha, na ikishindikana angeweka nyingine. Huyu hakupima chochote. Mita yake ya kupimia umeme ilikaa mfukoni tangu alipofika hadi alipoondoka, na naamini haijawahi kuona jua tangu itoke kiwandani.

Si karavani zote zina swichi hiyo, lakini yangu inayo, na kazi yake mtoto anaweza kuielewa. Paa likishushwa, turubai limekunjwa ndani, magodoro yanakuwa karibu kabisa na taa za dari, na hita ya gesi haina mahali pa kuvutia hewa wala pa kupeleka joto. Mtu akisahau kuzima kidhibiti joto, swichi ndiyo inayokata umeme wa volti 12 ili hita isijiwashe ndani ya sanduku lililojaa sponji na kitambaa, na ndiyo inayohakikisha kwamba taa iliyosahauliwa haibaki ikiwaka huku imelaliwa na godoro, jambo ambalo kwa balbu za zamani zenye joto kali linatosha kabisa kuunguza shuka. Hicho ndicho alichoning'olea na kuniwekea kiganjani kama chenji.

Nilipomwambia kwamba ameondoa kinga ya moto, alinijibu kwamba volti 12 haziui mtu. Nani alizungumzia kuuawa na volti? Volti 12 hazipenyi ngozi kavu, hilo tunakubaliana, lakini betri ile ile ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, waya hugeuka mwekundu, ganda lake huyeyuka, na kinachofuata kuungua ni turubai. Ndiyo maana fyuzi kuu hukaa jirani na betri, na kanuni za Marekani huitaka iwe ndani ya sentimita 46 hivi kutoka pale waya unapoanzia. Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Yeye aliikuta fyuzi ya ampea 15 kwenye waya wa taa, akaweka ya 30 ili, kwa maneno yake, isitusumbue tena.

Hata fyuzi hiyo ningeivumilia, kwa kuwa kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Hata ule waya wa nyumba wenye shaba moja nene aliouweka kwenye pembe inayokunjika kila paa linaposhuka, waya ambao utakatika ndani kwa ndani kwa sababu pale panahitaji waya wa nyuzi nyingi nyembamba zinazopindika, ningeubadilisha kimya kimya. Kilichonichoma ni kule kukivuta kiganja changu, kuilaza swichi juu yake, kunifumba vidole na kusema neno lile huku majirani wakicheka. Nimetumia karavani hii na watoto wangu, wamelala chini ya zile taa, halafu mtu aje aniite mwoga kwa kutaka hita isiwake paa likiwa limefungwa!

Aliyewahi kutendewa na mtu huyu aseme hapa hapa.

Mzee wa Fyuzi

Pole sana, mkuu. Mimi aliniunganishia betri mpya. Karavani yangu ni ya Marekani, na katika hizo upande wa volti 12 waya mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi, kinyume na ilivyo kwenye magari, ambako mweusi ni hasi. Bwana huyo akaunganisha kwa mazoea ya magari. Cheche iliyotoka ingeonekana mwezini. Zile fyuzi mbili za kinga ya betri kugeuzwa, zilizo kwenye kibadilisha umeme (kile kinachogeuza umeme mkubwa kuwa volti 12), ziliungua papo hapo, nazo ndizo zilizokiokoa. Akaniambia kwamba fyuzi za kiwandani siku hizi hazina ubora, akaondoka akiwa amelipwa.

Paa Juu

Turubai Mbili, nimesoma malalamiko yako yote na bado sijaelewa jambo moja. Anakata waya, wewe upo. Anazungusha tepu, wewe upo. Anakushika mkono na kukufumba vidole, bado upo. Ulikuwa unasubiri risiti? Mimi mtu akigusa swichi ya usalama bila mita mkononi, namrudishia kisanduku chake cha vifaa na kumwonyesha njia.

Turubai Mbili

Paa Juu, usinifundishe ujasiri. Nilimwambia aache mara tu nilipoona koleo, naye akaniamuru nimshikie tochi. Kisha akaing'oa. Kisha akaniwekea kiganjani. Wewe hukuwepo, na hujui uso wake ulivyokuwa alipotamka lile neno.

Kamba ya Breki

Kumbe ulimshikia tochi!

Tuseme ukweli, swichi ya paa ni jambo dogo. Mimi alinigusia swichi ya dharura ya breki, ile yenye pini inayochomolewa na kamba trela linapokatika kutoka kwenye gari. Swichi hiyo lazima ichukue umeme kutoka betri ya trela lenyewe. Yeye aliiunganisha na waya wa kuchajia unaotoka kwenye gari! Fikirini: trela likikatika, plagi nayo inachomoka, umeme unakatika, na breki zinabaki bila chochote wakati ule ule zinapohitajika. Sheria za Marekani hutaka breki hizo zibaki zimeshika kwa angalau dakika 15 baada ya trela kukatika. Zangu zisingeshika hata nukta moja.

Niligundua kwa sababu hujaribu kila mara kabla ya safari. Unachomoa plagi ya gari, unavuta pini, halafu unasukuma trela: magurudumu yakizunguka, kuna kasoro. Pini irudishwe haraka, maana sumaku za breki huvuta takribani ampea 3 kila moja, hupata joto na kuimaliza betri.

Niutro Safi

Nyote mnazungumzia volti 12. Njooni mwone alichonifanyia kwenye umeme mkubwa.

Ndani ya boksi la fyuzi la karavani, niutro (waya wa kurudisha umeme) na erthi (waya wa usalama) hazitakiwi kuunganishwa, kwa kuwa muunganiko huo hufanywa upande wa chanzo cha umeme tu. Yeye aliziunganisha. Matokeo yake, sehemu ya umeme unaorudi ikawa inapita kwenye erthi, na swichi ya kinga ya kambini, ile inayokata umeme ukivuja, ikawa inakata kila nilipochomeka plagi, kama inavyopaswa. Nilipomrudia, mnajua dawa aliyoitoa? Alikata pini ya erthi kwenye plagi yangu! Swichi ikaacha kukata, akacheka, akasema imepona.

Kambi iliyofuata soketi ilikuwa imeunganishwa kinyume, waya wa moto mahali pa niutro, na haikuwa na swichi ya kinga. Chasisi nzima ikawa na umeme. Nilishika kitasa cha mlango nikiwa pekupeku kwenye majani yenye umande, na mkono wangu ulirushwa nyuma kwa nguvu ambayo sijawahi kuihisi. Mtoto wangu alikuwa hatua moja nyuma yangu. Simsamehei mtu huyo.

Paa Juu

Niutro Safi, hilo ni balaa, na namshukuru Mungu mko hai. Ila swichi za kinga nazo zina kero zake. Za Marekani hukata kwenye miliampea 5 hivi, na umande kidogo tu kwenye plagi unatuacha gizani usiku kucha. Za Ulaya za miliampea 30 zina uvumilivu zaidi.

Niutro Safi

Plagi yenye umande ikaushwe na ifunikwe, mkuu. Hiyo si kero ya swichi. Na hiyo ya 30 nayo inaokoa, kwa sababu inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kabla moyo haujavurugika. Kabla ya kuchomeka, pima soketi kwa kipimio chenye taa tatu, na ukiona mpangilio usioeleweka, hama.

Turubai Mbili

Ndugu zangu, uzi huu ni wa swichi ya paa. Mtu amening'olea swichi na kuniwekea kiganjani.

Kamba ya Breki

Tumekuelewa, mkuu. Nunua swichi mpya, ukate ile tepu, urudishe fyuzi ya 15. Niutro Safi, hebu nieleze, kipimio hicho kinaweza kuonyesha kama erthi na niutro zimeunganishwa ndani ya karavani?

Niutro Safi

Hapana, hakiwezi. Chomoa karavani kwenye umeme kabisa, zima jenereta na inveta, kisha weka mita kwenye kipimo cha mlio na upime kati ya niutro na erthi kwenye boksi. Mita ikilia, zimeunganishwa.

Msafiri Mpole

Samahani kwa kuingilia. Huyo huyo aliniunganishia jokofu la njia tatu (la gesi, umeme mkubwa au volti 12), na tangu hapo kila tukisimama kula njiani betri ya karavani inakufa. Anasema betri imezeeka, ingawa ni mpya.

Mzee wa Fyuzi

Betri yako haina kosa, Msafiri. Jokofu hilo likiwa kwenye volti 12 huvuta ampea 10 au zaidi mfululizo, na bila shaka amelifunga moja kwa moja kwenye betri ya karavani badala ya waya wa gari. Linatakiwa kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata umeme huo injini inapozimwa. Washa gari, pima volti pale nyaya zinapoingia kwenye jokofu lenyewe, kisha zima gari na upime tena, utuletee namba zote mbili.

Msafiri Mpole

Injini ikiwaka ni 11.4, ikizimwa ni 11.3. Hizo namba zina maana gani?

Paa Juu

Gari likizimwa umeme haukatiki, kwa hiyo rilei hakuna; na volti kuwa chache hivyo hata injini ikiwaka kuna maana kwamba amekuwekea na waya mwembamba, umeme unapotea njiani. Angalia unene wake, na utuambie waya huo una urefu wa mita ngapi kutoka gari hadi jokofu.