Naombeni ushauri: ratiba ya kuwasomesha watoto watatu nyumbani inanishinda

Mama_Watatu:
Habari zenu wapendwa. Nina watoto watatu: mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, wa mwisho 4. Mimi na baba yao tumeamua wasome nyumbani, na mwalimu ni mimi. Kibali na mtaala tunavyo, hapo hakuna tatizo. Kinachonishinda ni siku yenyewe.

Nimepanga ratiba kama ya shule, vipindi vya dakika 40 kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, kila somo na saa yake, nikaibandika ukutani. Saa mbili tunaanza vizuri. Kabla ya saa nne tumeshapitwa na kipindi. Mkubwa amekwama kwenye hesabu za sehemu ananisubiri, wa kati bado anasoma kwa kusuasua na hataki niondoke pembeni yake, mdogo naye ameshapanda mezani anataka penseli ya dada yake. Ikifika saa sita mimi nafoka, wao wamenuna. Na saa nane lazima nikae kwenye kompyuta, nina kazi inayonilipa.

Wenye uzoefu mnaipangaje siku? Na ni lazima kweli wasome saa sita kama wenzao walioko shuleni?

Baba_Pacha:
Pole dada. Nianze na swali la mwisho. Saa sita za shule si saa sita za kusoma. Humo ndani kuna kuita majina, kugawa madaftari, kungoja darasa zima linyamaze, kungoja wa mwisho amalize kunakili. Wewe umekaa na mtoto uso kwa uso, akikosea unaona hapo hapo. Kwangu mimi, wa miaka 8 akipata saa mbili au mbili na nusu za kusoma kwa umakini inatosha. Mkubwa tatu hadi nne, na nyingi ya hizo awe anafanya mwenyewe. Mdogo asiwe na kipindi kabisa. Hadithi, nyimbo, kuhesabu vifungo, basi.

Lakini soma vizuri masharti ya kibali chako kabla ya kupunguza saa. Sheria hazifanani. Jimbo la New York kule Marekani, kwa mfano, linataka saa 900 kwa mwaka kwa darasa la 1 hadi la 6, na 990 kuanzia la 7 hadi la 12. Uzuri ni kwamba mazoezi ya mwili, muziki na sanaa navyo ni masomo, kwa hiyo usidhani kila saa ni ya kukaa kwenye kiti.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, nimeisoma ratiba yako mara mbili. Umegawa muda wa watoto, muda wa mwalimu hujaugawa. Kila kipindi kinakutaka uwe sehemu tatu kwa wakati mmoja.

Chukua karatasi, chora safu tatu, moja ya kila mtoto. Andika masomo yao, halafu kila somo ulitie alama: M kama linahitaji mama, P kama mtoto anaweza peke yake. Hesabu mpya ni M. Mazoezi ya hesabu alizokwisha kuzielewa ni P. Kusoma kwa sauti kwa huyo wa kati ni M, kunakili mwandiko ni P. Sasa yapange kwa sharti moja: mstari mmoja usiwe na M mbili. Ukizikuta, sogeza moja juu au chini. Kazi hii utaifanya jioni moja, na ndiyo ratiba yenyewe.

Anza na mdogo. Wengi humwacha wa mwisho kwa kuwa hana mtihani, naye anautafuta umakini wako kwa kupanda mezani. Mpe robo saa ya kwanza iwe yake yote, kitabu cha picha mapajani, simu iwe mbali. Wakati huo mkubwa anarudia hesabu za jana na wa kati ananakili. Mdogo akishashiba mama, ataenda kucheza. Hapo mchukue wa kati asome kwa sauti dakika 15 au 20, si zaidi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia sana kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, na mimi darasani niliona ni kweli: mtoto anayejua kipindi kinaisha karibuni hujituma. Kisha wa kati aende akacheze na mdogo, nawe umpe mkubwa nusu saa ya zile sehemu. Baada ya hapo wote nje.

Wakirudi, fundisha wote pamoja. Sayansi, historia na hadithi hazihitaji madarasa matatu. Soma sura moja kwa sauti, mkubwa aandike ukurasa, wa kati achore na aandike sentensi tatu, mdogo achore tu.

Hesabu iwe kila siku, hata kwa dakika 20. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia, na marudio yaliyoachiana nafasi yanashinda kukaa saa mbili mara moja kwa wiki.

Mama_Watatu:
Shikamoo mwalimu, na ahsante sana. Alama za M na P nazifanya leo leo. Wasiwasi wangu ni huyu mkubwa. Nikimwacha peke yake, baada ya dakika mbili ni "mama, hii vipi?"

Nuru_Nyumbani:
Dada, mwandikie karatasi ya siku, kazi zake tu, azikate mwenyewe kwa kalamu akimaliza. Na mpe utaratibu wa kukwama: swali lililomshinda alizungushie duara, aruke, aendelee na linalofuata. Ukifika zamu yake mnaanza na maduara. Atalalamika mwanzoni, wewe shikilia. Utaona maduara mengine ameyafuta mwenyewe kabla hujafika.

Mimi saa nimeziondoa ukutani. Tunafuata mfuatano: hiki, halafu hiki. Saa zilizobaki ni tatu, ya kuanza, ya chakula cha mchana na ya kufunga. Somo likirefuka, siku haivunjiki.

Baba_Pacha:
Hapo kwenye saa naomba nitofautiane na Nuru. Mmoja wa pacha wangu bila saa hatulii, anauliza kila mara bado kiasi gani. Yeye namwekea saa ya mezani mbele yake na anatulia. Mjue mtoto wako kwanza.

Mama_Kijana:
Naongeza mawili. Usijaze siku tano zote. Masomo mapya yaishe siku ya nne, ya tano iwe ya viporo, kwa sababu mtu ataumwa, mgeni atakuja, umeme utakatika. Pili, usingizi na kucheza viingie kwenye ratiba kabla ya masomo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za kutumia mwili kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na wataalamu wa usingizi wanataka wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Kama wanalala saa tano usiku, saa mbili asubuhi utafundisha watoto waliosinzia.

Mama_Watatu:
Mungu awabariki. Moja la mwisho: saa nane nikianza kazi, mdogo hataki tena kulala mchana. Nimfanyeje?

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Weka saa ya kimya, wote watatu, kila mmoja na kitabu au mchezo wake mahali pake. Asiyetaka kulala asilazimishwe, ila asitoke. Kwa mdogo anza na dakika 15, uongeze kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Ianze nusu saa kabla ya kazi yako, ili siku za mwanzo akikuita uwe huru kumrudisha taratibu. Mtengee boksi la vitu vya kuchezea linalofunguliwa wakati huo tu, asubuhi likae juu ya kabati, na vilivyomo uvibadilishe kila wiki.