Wakaguzi wa usalama kazini kuhamishwa Kigoma kwenda Tabora: maoni ya watumishi yakusanywe vipi?

Malagarasi:
Wakuu, kuna rasimu ya muundo mpya. Wakaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi walioko Kigoma wahamie Tabora, Kigoma abaki karani wa kupokea maombi. Watumishi wamepewa siku 14 kutoa maoni. Tufanyeje yasiishie kuwa sahihi za mahudhurio?

Isevya:
Mkuu, pitieni Baraza la Wafanyakazi, ombeni kikao maalumu. Kabla ya kikao mpewe karatasi: ikama (idadi ya watumishi kwa kila nafasi) ya sasa na inayopendekezwa, maeneo ya kazi yaliyosajiliwa kila wilaya, bajeti ya mafuta na posho za safari. Bila hizo mtajadili hofu tu. Siku 14 hazimtoshi aliye safarini Kibondo, ombeni 30 kwa maandishi. Na msiwaachie wajumbe wa baraza peke yao. Madereva na masijala wasikilizwe pia. Dereva ndiye anayejua barabara ya Kakonko inakula saa ngapi wakati wa masika.

Boila_Baridi:
Naongeza upande wa kazi yenyewe, maana rasimu za namna hii hukwama hapo. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke kiwandani, haikaguliwi ndani ikiwa ya moto. Mwenye kiwanda huizima, huiacha ipoe taratibu, humwaga maji, hufungua tundu la kuingilia na kukwangua gamba la chokaa. Akiruka hatua moja, mkaguzi hana kazi siku hiyo. Aliye Kigoma mjini atarudi keshokutwa. Aliyetoka Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa reli, safari yake imekufa.

Vinu vya pamba vya Igunga, mkoani Tabora, ni kinyume: kelele na vumbi hupimwa mashine zikiwaka. Fika msimu umeisha, huna cha kupima.

Kwa hiyo kila mkaguzi ajaze safari zake za miezi 12: siku njiani, siku kazini, safari zilizorudiwa na sababu. Jedwali hilo litasema kuliko hotuba. Vifaa navyo visisahaulike. Kipima kelele huhakikiwa kwa kalibreta (kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, kwa kawaida desibeli 94) kabla na baada ya kazi. Kikiwa kimoja kwa mikoa miwili, siku kikipelekwa kusahihishwa mikoa yote inasimama.

Malagarasi:
Nashukuru sana. Hoja ya menejimenti ni kwamba Tabora ni kitovu.

Isevya:
Kitovu cha masijala, ununuzi na mafunzo, sawa, hivyo viunganishwe. Wakaguzi wabaki Kigoma, tena wasipungue wawili, kwani boila haifai kuingiwa na mtu asiye na mwenzake nje. Mtajeni Mkataba Na. 81 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) kuhusu ukaguzi wa kazi, Tanzania iliuridhia 1962: unadai ofisi zinazofikika na wote wanaohusika, na usafiri kwa wakaguzi. Unadai pia siri ya mlalamikaji, na huyo karani wa maombi ndiye atakayepokea malalamiko, kwa hiyo utaratibu wake uandikwe sasa. Mwisho, menejimenti ijibu kila hoja kwa maandishi: imekubaliwa, au imekataliwa kwa sababu gani. Majibu yaingie kwenye muhtasari wa baraza kabla ya barua yoyote ya uhamisho kutoka.