Famwea ya SFP imejaza flashi ya KB 16: nipunguze wapi bila kuvunja kiwango cha SFF-8472?

fundi_ntinda

Habari za jioni ndugu zangu. Nina moduli ya SFP (kipande kinachochomekwa kwenye swichi ya mtandao kutuma na kupokea mwanga) ya uzi mmoja (1490/1550 nm, km 80, kipokezi cha APD, yaani fotodaiodi inayokuza mwanga hafifu) inayoendeshwa na mikrokontrola wa familia ya 8051: flashi baiti 16,384 katika kurasa 32 za baiti 512, RAM ya ndani 256, xdata (RAM ya ziada) 1,024, saa 24.5 MHz. Kompaila ni SDCC.

Kurasa 2 ni za butiloda (programu ndogo inayowasha msimbo mkuu), 1 ya jedwali za A0h (utambulisho wa moduli) na A2h (vipimo vyake), ambazo swichi huzisoma kwa waya za I2C, 1 ya kalibresheni, 1 ya eneo la mtumiaji. Msimbo unabakiwa na kurasa 27, yaani baiti 13,824. Faili la .mem (ripoti ya kompaila) linasema nimetumia 13,712. Zimebaki 112, na bado nina kazi mbili.

Ya kwanza ni fidia ya joto. Moduli hizi zinaingia kwenye makabati ya kando ya barabara, na kabati la Kabale alfajiri si sawa na la Moroto saa nane mchana. Jedwali la digrii moja moja, -40 hadi 85, ni nafasi 126 za baiti 2. Nahitaji matatu: bias ya leza (mkondo wake wa msingi), mkondo wa modulesheni (unaobeba data) na volti za APD. Jumla 756, kabla hata sijaandika msimbo wa kuyasoma.

Ya pili ni eneo la mtumiaji, A2h baiti 128 hadi 247. Kwa sasa kila uandishi unafuta ukurasa mzima na kuuandika upya. Moduli ikichomolewa katikati, lebo zote zinakwenda. Tena swichi hulalamika kwa muda mfupi kwamba moduli haijibu.

--opt-code-size nimeshaiweka. Kubadilisha chipu haiwezekani, bodi zimeshatoka kiwandani.

baiti_moja

Kabla ya kunyoa mstari hapa na pale, fungua faili la .map utafute ___fsmul, ___fsadd, ___fsdiv na log10f, yaani fankisheni za hesabu za desimali (float). Nakisia zote zimo, na hizo peke yake ni kilobaiti kadhaa.

log10f ya nini ndani ya SFP? Nguvu ya mwanga kwenye A2h baiti 102 hadi 105 inaripotiwa kwa hatua za 0.1 µW, mstari ulionyooka, si dBm (kipimo cha logi). Kuigeuza kuwa dBm ni kazi ya swichi. Volti ni hatua za 100 µV, bias ni 2 µA, joto ni 1/256 ya digrii. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji desimali. Zidisha ADC (namba ghafi ya kipimo) kwa mteremko wa biti 16, chukua tokeo la biti 32, sogeza kulia biti 8 au 16, ongeza ofseti. Chagua 8 au 16 makusudi: kwenye 8051 hapo ni kuchukua baiti za juu tu, haina gharama. Ukichagua 5 au 11, kompaila itakutengenezea kitanzi.

Kwa APD, mkunjo wa kipokezi unaweza kuugawa vipande 8, kila kimoja na mwanzo, mteremko na msingi: baiti 48.

Halafu angalia pointa. Pointa isiyotajwa aina yake ni baiti 3 katika SDCC, na kila usomaji unaita __gptrget. Ziandike wazi `__code` au `__xdata`: zinashuka hadi baiti 2 na mwito ule unatoweka. Pia linka ya SDCC haitupi fankisheni zisizoitwa kama ziko kwenye faili moja na zinazoitwa. Fankisheni za majaribio ya kiwandani zitoe, uziweke kwenye faili lao.

A0h usiinakili kwenye xdata. Kikatizi cha I2C kiisome moja kwa moja kutoka flashi, utaokoa baiti 256 za RAM. Kinachohitaji bafa mbili ni baiti 96 hadi 105 tu, kwa sababu swichi ikisoma 96 na 97 kwa pamoja lazima zitoke kwenye kipimo kimoja. Ukisasisha katikati, joto la digrii 25.9 kuvuka kwenda 26.0 litaonekana kama 25.0 au 26.9, na mtu wa zamu atapigiwa simu usiku bure.

Onyo moja: ndani ya kikatizi usifanye zidisho la `long` wala gawio. Maktaba za SDCC za 8051 hazivumilii kuingiliwa, kwa hiyo utapata namba mbovu mara moja kwa siku na hutajua zimetoka wapi.

nusu_desibeli

Hilo la float naunga mkono. Mimi nashangaa majedwali matatu.

Kama draiva ya leza ina kitanzi cha APC (kinachoshikilia nguvu ya mwanga), bias inajirekebisha yenyewe kupitia fotodaiodi ya nyuma. Jedwali lake ni la kuanzia tu, nukta 5 zinatosha. Volti ya kuvunjika ya APD hupanda na joto karibu kwa mstari ulionyooka: mteremko mmoja na ofseti moja, baiti 4. Pima nukta tatu kwenye chemba ya joto, mstari ukipita karibu na zote, jedwali la APD futa.

Linabaki la modulesheni, na hilo ni la kweli, kwa sababu ufanisi wa leza hushuka kwa kasi upande wa joto na mkunjo wake si wa kunyooka. Lakini hatua ya digrii moja ni anasa. Weka hatua ya digrii 4: kutoka -40 hadi 88 ni nukta 33, baiti 66. Kwa kuwa joto liko kwa 1/256, baiti ya juu ndiyo digrii. Jumlisha 40, sogeza kulia biti 2, umepata nafasi. Biti 2 zilizobaki pamoja na baiti ya chini ndiyo sehemu ya kukadiria kati ya nukta mbili. Hakuna gawio. Hatua ya 8 inavutia zaidi (nukta 17), ila kati ya 70 na 85 utakuta uwiano wa kuzimika (mwanga wa 1 dhidi ya wa 0) unayumba.

Mitego miwili hapo. Fanya hesabu kwa `uint8_t`, maana 88 + 40 ni 128 na baiti yenye alama itageuka hasi. Na joto likishuka chini ya -40, bana kwanza kabla ya kujumlisha, la sivyo -41 itakuwa 255 na utasoma nje ya jedwali. Leza itapewa mkondo wa takataka.

Kuna atakayekushauri utumie kalibresheni ya nje: unawasha biti 4 ya A0h baiti 92 badala ya biti 5, unaweka vigawo kwenye A2h 56 hadi 91, unaripoti ADC ghafi na swichi inapiga hesabu. Inaokoa msimbo, ethtool ya Linux inaisoma vizuri. Ila zipo swichi zinazopuuza vigawo hivyo na kuonyesha namba ghafi. Mimi nisingeigusa.

mwanga_mbale

Nichukue hili la eneo la mtumiaji, maana ndilo linaloua moduli polepole.

Tumia kurasa mbili kwa zamu, kama daftari. Ukurasa unaanza na kichwa cha baiti 4 na picha kamili ya baiti 120, jumla 124. Baada ya hapo kila uandishi ni rekodi ya baiti 12: anwani, urefu, data 8, CRC (namba ya kukagua makosa), na alama ya kukamilika. 388 zilizobaki zinabeba rekodi 32. Ukijaa, nakili hali ya sasa kwenye ukurasa wa pili, kisha andika kichwa chake mwisho kabisa. Umeme ukikatika kabla ya kichwa, ukurasa wa zamani bado ni halali. Alama ya kukamilika nayo iandikwe mwisho wa rekodi kwa sababu hiyohiyo.

Kwa chipu yenye uhakika wa mizunguko 20,000 kwa ukurasa, sasa hivi una maandishi 20,000 tu. Kwa kurasa mbili ni 32 × 20,000 × 2, yaani 1,280,000. Banange, kwa ukurasa mmoja tu wa ziada!

Ukimya wa moduli unatokana na CPU kusimama wakati flashi inafutwa, milisekunde kadhaa. Pini za DAC (zinazogeuza namba kuwa volti) zinashikilia thamani yake, hivyo mwanga haukatiki, ila I2C haijibiwi. Kiwango kinaruhusu ukimya hadi ms 40 kwa uandishi wa baiti 4, swichi inapaswa kurudia kuuliza. Kwa daftari, kufuta kunatokea mara moja kwa maandishi 32, na ukifuta ukurasa ule mwingine mapema, pale tu moduli inapowaka, hata hiyo moja haitaonekana. Kuwa tayari kwa I2C ndani ya ms 300 bado utawahi.

Ila, ssebo, kama chipu yako ni ya C8051 au EFM8, kisimamizi cha VDD (volti ya chipu) kiwashwe na kiwekwe kuwa chanzo cha riseti kabla ya kugusa flashi. Funguo 0xA5 na 0xF1, zinazoruhusu flashi kuandikwa, zisikae kama namba thabiti ndani ya fankisheni ya kuandika. Anayeita azilete mwenyewe, na fankisheni ikague kwamba anwani iko ndani ya kurasa zile mbili. Volti ikiporomoka moduli inapochomolewa, CPU inaweza kurukia popote, na ikiangukia fankisheni iliyobeba funguo tayari, itafuta butiloda bila huruma.

fundi_ntinda

Asanteni sana. Kuondoa float na log10f kumeokoa 2,318, pointa 412. Daftari na fidia ya joto vimeongeza 655. Sasa ni 11,637 ndani ya kurasa 26 (13,312). APD imekubali mstari, hivyo jedwali ni moja tu la baiti 66, na limeingia ukurasa wa kalibresheni.

Swali dogo: butiloda inakagua CRC-16 ya msimbo wote wakati wa kuwaka, na kwa kitanzi cha biti biti inakula ms 140. Jedwali la 256 ni baiti 512, butiloda haina nafasi hiyo.

baiti_moja

Tumia jedwali la nibo (nusu baiti): nafasi 16 za baiti 2, jumla 32, na mizunguko 2 kwa baiti badala ya 8. Na usikague kurasa tupu; hifadhi urefu wa msimbo kando ya CRC, ukague hadi hapo.