Land Cruiser 80: oili ya difu ya mbele imekuwa nyeupe

Wakuu, niko Uvinza. Land Cruiser 80, masika inavuka maji mpaka juu ya habu (kitovu cha gurudumu). Oili ya difu ya mbele imekuwa kama maziwa, na nyuma ya tairi la kushoto linachuruzika rojo jeusi. Nilitaka pia kuinua inchi 2. Nianzie wapi?

— Hayo ni matatizo mawili, mkuu. Weupe ni maji. Difu ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na kipumulio (tundu la hewa la difu) kikiwa kimeziba, maji huvutwa kupitia sili (mipira inayozuia oili kuvuja). Funga mpira wa kupitishia mafuta kwenye kipumulio, upandishe hadi juu ndani ya boneti. Mwaga oili, weka oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5 mpaka ichungulie tundu la kujazia.

— Hilo rojo ni sili ya ndani ya ekseli: oili ya difu inapita na kuyeyusha grisi ya joint (kiungo cha shafti kinachopinda tairi likikata kona). Kabla ya kufunga mpya, pitisha kucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ikinasa kwenye mfereji, sili mpya haimalizi mwezi. Beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) zikilegea, sili mpya haidumu vivyo hivyo. Grisi iwe ya moli (yenye molibdeni).

— Kuinua baadaye. Inchi 2 hupunguza kasta (mlalo wa kingipini kuelekea nyuma), usukani unatangatanga. Nunua na bushi za kurekebisha kasta.