Naomba ushauri: moyo wa kima una maana gani?

Habari zenu wanajamvi. Nafundisha darasa la sita na nimekwama kwenye hadithi ya Kima na Papa, pale papa anapomwambia kima kuwa moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani, naye kima anadai kauacha mkuyuni. Mimi niliwaambia moyo ni akili, maana baadaye anasimulia habari za punda wa dobi, aliyemponyoka simba mara ya kwanza kisha akamrudia, akauawa, ikasemwa hana moyo wala masikio. Lakini binti mmoja kaandika, "Moyo ni urafiki, umebaki pale walipokuwa wakila kuyu pamoja." Kalamu nyekundu ikanigoma! Mwongozo nilionao unataja ujanja tu.

Je, nimpe alama zote? Na nitawaelezaje watoto mpaka wa kufasiri ishara bila kuwafunga midomo?